Mume wangu anasema Axio yangu haina nguvu, tuiuze tuongeze hela ya Crown

Shikamoo Anti,

Naomba usilitaje jina langu wala la mume wangu, maana ndugu zake wanaisoma safu hii na anayesemwa humu atajijua mwenyewe.

Nina miaka 38, ni mhasibu, tunaishi Mbezi ya Kimara na watoto wetu wawili. Gari ninalotaka kukueleza ni Toyota Corolla Axio ya CC 1490, niliyoiagiza Japani kwa mkopo wa kazini na akiba yangu ya kikoba. Kadi ina jina langu. Mume wangu ni msimamizi wa miradi ya maji na anatumia pikipiki ya ofisi, kwa hiyo siku za kazi ninaendesha mimi, safari ndefu anashika usukani yeye.

Kwa upande wangu sijawahi kulilalamikia gari hili. Ninatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ninaingia barabara ya Morogoro, ninawashusha watoto shule, ninafika Posta kabla ya foleni kukaza. Jioni ninarudi hivyo hivyo. Sijawahi kukwama kuingia barabara kubwa wala kushindwa kumpita mtu niliyetaka kumpita. Mafuta inakula kidogo, na fundi wangu anaijua.

Tatizo lilianza Disemba. Sikukuu huwa tunakwenda Mafinga kwa wazazi wa mume wangu. Safari hii tulikuwa watano, kwa sababu mama mkwe alikuwa amekuja Dar kwa matibabu na tulikuwa tunamrudisha. Buti lilijaa mpaka mabegi mengine tukayaweka miguuni: mchele kilo 50, sukari, nazi, madumu mawili ya mafuta ya kula, katoni za sabuni. Tulichelewa kutoka, tukapita Mikumi jua limeshakuwa kali, AC ikawa imefunguliwa mpaka mwisho.

Kwenye mlima wa Kitonga tukakuta malori yamefuatana, yale ya makontena ya kwenda Tunduma, yanapanda taratibu mno. Mume wangu alivumilia kwanza. Halafu lori lililokuwa mbele yetu likawasha indiketa ya kushoto, na unajua Anti, kwa madereva wa njia ile hiyo maana yake "pita". Akatoka, akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, lakini gari halikuchanganya. Tulilipita la kwanza, tukawa ubavuni mwa la pili, basi likatokea kwenye kona linashuka, taa zote zimewaka. Nilichosema sikikumbuki. Ninakumbuka vidole vya mama mkwe vimeshika kiti changu kwa nyuma, vinagusa bega langu. Dereva wa lori la pili alipunguza akatupa nafasi, tukachomekea. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka Ilula, tuliposimama kununua nyanya.

Tulipofika Mafinga, shemeji yangu, ambaye ana Toyota Crown Athlete, alisikia habari akacheka. Akasema, "Hiyo ni gari ya kupelekea watoto shule, siyo ya kuleta kwetu." Mume wangu hakumjibu. Lakini tangu tuliporudi amekata shauri: tuuze Axio, tuongeze kama milioni tisa, tununue Crown iliyotumika hapa hapa nchini. Hizo milioni tisa ndizo hela za kupaua nyumba yetu Kibaha. Kuta zimesimama, mvua mbili zimeshazinyeshea.

Nilipomwambia tusubiri, alisema neno ambalo halijanitoka: "Unang'ang'ania gari kuliko wanao." Anti, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nikikubali, ninapoteza gari nililolitafuta kwa jasho langu na nyumba inabaki bila bati. Nikikataa, Disemba ijayo tukapanda tena Kitonga likatokea la kutokea, nitajificha wapi? Kweli gari la CC 1490 linatosha kwa maisha ya kila siku, au nimejidanganya kwa sababu ni langu?

Mimi, Mama Wawili, Mbezi.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mshituko ule, wewe, mumeo na huyo bibi aliyekuwa nyuma. Mtu akishaziona taa za basi zinamjia namna hiyo, hazimtoki upesi, na sishangai kwamba nyumba yenu bado inazizungumzia kwa njia ya kununua na kuuza gari.

Umeniuliza mambo mawili kwenye bahasha moja. Kwanza kama gari lako linatosha. Pili kama wewe utakuwa mwenye lawama ukiendelea kuwa nalo. La kwanza lina hesabu ndani yake, kwa hiyo nitaanza nalo.

Kwa siku za kazi sioni ubishi mkubwa. Axio ya CC 1490 ina nguvu farasi zipatazo 110 na uzito wa kilo 1,100 hivi ikiwa tupu. Kutoka Mbezi mpaka Posta, njia nane au njia mbili, mwisho wako kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wa tochi hawaulizi gari lako lina silinda ngapi. Kufika 50 kutoka kwenye mataa hakuhitaji hata nusu ya injini hiyo. Anayekupigia honi kwa nyuma taa ikigeuka kijani angepiga hata ungekuwa na ndege. Kwa hiyo hapo hujajidanganya: gari unalipima kwa kazi unayolifanyisha, na kazi hiyo linaifanya.

Mumeo naye analipima kwa kazi anayolifanyisha yeye, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Nataka umwelewe hapa kabla hujamkasirikia. Watu watano na buti lililojaa ni zaidi ya kilo 300, yaani zaidi ya robo ya uzito wa gari lenyewe, juu ya mlima. AC iliyofunguliwa mpaka mwisho inakula sehemu ya nguvu iliyobaki. Tena injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupungukiwa takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, na Iringa mjini kuko juu zaidi ya mita 1,500. Crown ya V6, yaani silinda sita, ya CC 2500 nayo hupungukiwa kwa kiwango kile kile, ila yenyewe inaanza na farasi zaidi ya 200. Kwa hiyo mumeo anaposema gari halikuvuta pale, anasema kweli. Usimbishie kwa hilo.

Na ile kelele? Axio nyingi zinazotoka Japani zina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za kubadilika moja baada ya nyingine. Ukikanyaga mafuta ghafla injini inapanda juu na kubaki hapo hapo ikilia kwa sauti moja, huku mwendo ukija nyuma yake polepole. Aliyezoea gari la gia za kawaida anadhani kitu kimekatika. Mara nyingi hakuna kilichokatika. Lakini uliza jambo moja kwa fundi wako anayeijua: oili ya giaboksi iliwahi kubadilishwa, na aliweka oili gani? CVT ina oili yake, si ile ya otomatiki ya kawaida, na magereji mengi humimina yoyote iliyopo. Giaboksi iliyowekewa oili isiyo yake inaweza kuteleza hasa pale inapobeba mzigo mlimani. Aangalie na plagi na filta ya hewa. Huenda gari mlilopanda nalo Kitonga lilikuwa na nguvu pungufu ya ile ya kiwandani, na hakuna hata mmoja wenu aliyejua, kwa sababu mjini huwezi kuligundua hilo.

Sasa turudi ubavuni mwa yale malori, kwa sababu hapo ndipo uamuzi wenu wote umesimama. Lori la kontena lina mita kama 18. Yalikuwa mawili, yana nafasi katikati. Ongeza nafasi ya kutoka na ya kurudi, unapata mita 70 hivi za kuyamaliza. Tuseme malori yalikuwa yanakwenda kilomita 20 kwa saa na Axio ikawa na 35. Tofauti ni 15, na kwa tofauti hiyo mita 70 zinataka sekunde 17. Basi linaloshuka kwa kilomita 50 linakula mita 235 katika sekunde hizo, nanyi mnakula zaidi ya 160 kulifuata. Jumla ni karibu mita 400 za barabara tupu.

Weka Crown pale pale, iende 50 badala ya 35. Sekunde zinashuka mpaka nane na nusu, na barabara mnayoihitaji inakuwa mita 235 hivi. Hiyo si tofauti ndogo, na ningekuwa mwongo kukwambia farasi hawana maana. Lakini jiulizeni nyote wawili: kile kipande cha Kitonga, kabla ya ile kona, mlikuwa mnaona mita 235 mbele? Kama jibu ni hapana, basi siku ile hata Crown ilikuwa haina haki ya kutoka nje ya mstari. Ingekaa hatarini muda mfupi zaidi, ndiyo.

Ile indiketa ya kushoto pia naiwekea alama ya kuuliza. Dereva wa lori anakupa ruhusa kwa anachokiona yeye, na anakisia gari lako linachanganyaje. Hajui mna bibi na mchele ndani. Wala hawezi kukuahidi chochote kuhusu lori lililo mbele yake. Yule wa pili aliyewapa nafasi alikuwa mtu mwema, lakini hakuwa sehemu ya makubaliano.

Nadhani umeona ninakokwenda. Mumeo anasema gari lilishindwa. Wewe unasema gari halina neno. Kuna jambo la tatu ambalo barua yako haikuligusa: mumeo aliogopa. Alikuwa ameshika usukani, mama yake yuko nyuma, watoto wake wako nyuma, na kwa sekunde kadhaa hakuwa na la kufanya. Kisha akafika kwao, kaka yake akacheka. Mwanamume wa kwetu katika hali hiyo ni rahisi zaidi kusema "gari halina nguvu" kuliko kusema "niliogopa". Na ile kauli ya kwamba unang'ang'ania gari kuliko watoto, ilivyo chungu, mimi naisikia kama maneno ya mtu aliyekuwa karibu kuwapoteza hao watoto akiwa dereva yeye. Simtetei, neno lile halikustahili kutoka. Ila ukilijibu kwa hesabu ya mafuta na mabati, utakuwa unajibu swali ambalo hakuuliza.

Labda nimekosea. Wewe unaishi naye, mimi nina barua tu. Inawezekana ni hamu ya Crown tangu zamani, na Kitonga imempa sababu. Hilo nalo si dhambi, watu hutamani magari. Lakini hofu na tamaa zina dawa tofauti, na milioni tisa zinaweza kutibu moja zikaiacha nyingine.

Mkiamua kubaki na Axio, msibaki nayo kama ilivyopanda Disemba. Mchele na madumu vinaweza kwenda kwa basi la Mafinga siku moja kabla, kama kila mtu anavyotuma mizigo. Mtoke alfajiri mapema kiasi kwamba hakuna mtu ndani ya gari anayeikimbiza saa. Mlimani AC izimwe kwa muda, na mumeo ajifunze kutumia ile herufi iliyo chini ya D kwenye gia, iwe B au S kutegemea gari lenu, injini iwe imeshaamka kabla hajatoka kupita. Zaidi ya yote mkubaliane kwamba Kitonga mnapanda nyuma ya lori mpaka juu. Hatari ya njia hii ni kwamba inategemea uvumilivu wa dereva, na dereva mwenyewe halipendi gari. Mtu anayeendesha gari analolidharau huwa analilazimisha. Kama mumeo atakubali kwa shingo upande, sina hakika mtakuwa salama zaidi.

Mkienda kwenye Crown, mtapata mlima mwepesi, gari tulivu kwenye mwendo, na mume anayeingia kwao kichwa kimeinuka. Vitu hivyo vina thamani, sivibezi. Lakini safari hizo ni za Pasaka na Disemba. Siku zote nyingine ni wewe, alfajiri, barabara ya Morogoro, na V6 ambayo kwenye foleni hupata kilomita saba hadi tisa kwa lita, mahali ambapo Axio inayotunzwa hukupa 12 au zaidi. Kaa na kalamu yako, wewe ndiye mhasibu. Angalieni pia matairi, bei ya vipuri na hali ya gari mtakalouziwa, maana Crown iliyochoka huja na bili ambazo shemeji yako huenda hajawasimulia. Na kuna hatari isiyoandikwa kwenye kadi: gari lenye nguvu humshawishi dereva kupita mahali ambapo zamani asingethubutu. Zile sekunde alizoziokoa anazitumia kwenye kona inayofuata. Sijui kama mumeo ni mtu wa namna hiyo. Wewe unajua.

Kuna na njia za katikati ambazo hamjazitaja. Premio au Allion ya CC 1790 ina farasi wapatao 140, na nyongeza yake huenda isifike kwenye hela za bati zote. Au mkodi gari kubwa kwa sikukuu, au mpande basi na Axio ipumzike Mbezi. Hii ya mwisho najua mumeo ataikunjia uso, hasa akimfikiria kaka yake amesimama getini. Itaje hata hivyo. Namna atakavyoikataa itakueleza mengi kuhusu ni kipi hasa anachokitafuta.

Limebaki lile la lawama. Unasema ukikataa na likatokea la kutokea, utajificha wapi. Mwanangu, ajali ya barabarani hutengenezwa na vitu vingi kwa pamoja: mzigo, haraka, kona, indiketa ya mtu mwingine, uamuzi wa sekunde moja. Kulibeba lote kichwani kwako kwa sababu tu kadi ina jina lako si haki, na kuuza gari kwa woga wa lawama hakutakupa usingizi unaoutafuta, maana Crown nayo itapanda Kitonga. Sisemi usiuze. Ukiuza, uza kwa sababu nyingine, uliyoipima.

Kabla ya kuweka tangazo lolote, ningeomba mfanye jambo moja. Wiki moja mumeo aende kazini kwake na Axio, peke yake, tangi limejaa na matairi yamepimwa upepo, baada ya fundi kuangalia ile oili. Nawe umwombe shemeji, akija Dar, ukaendeshe Crown yake mpaka Kibaha na kurudi, wewe kwenye usukani, jioni ya foleni. Kisha mkae wawili, watoto wamelala, na umuulize aliona nini pale kwenye kona. Mwache amalize. Habari ya mabati ingoje siku nyingine.

Ukipata nafasi, niandikie amesemaje.